Wifi wa Cebu anataka hati ya uwakili. Nimwache mume wangu atie saini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, Mombasa. Mume wangu ni Mfilipino. Tulijuana Muscat nikifanya kazi saluni, yeye akiwa fundi wa viyoyozi kwenye kampuni moja ya huko. Tulifunga ndoa hapa Mombasa mwaka 2018 mbele ya msajili, na nilipopata mimba ya kwanza nikarudi nyumbani. Yeye amebaki Muscat kwa mwajiri yule yule, sasa ametimiza miaka tisa. Kabla ya hapo alikuwa Saudia, Jubail, tangu 2003. Ana umri wa miaka 52. Mkataba wake unamalizika baada ya miezi miwili na tumekubaliana asiweke saini mwingine. Anakuja tukae pamoja, tufungue karakana ya friji na AC hapa hapa Kisauni.

Shida ilianza mwezi uliopita alipokuja likizo. Niliishika simu yake (najua si vizuri, lakini nilishaishika) nikakuta ujumbe wa dada yake wa Cebu, kwao Ufilipino. Anamwambia kuna pesa za OWWA, mfuko wa Wafilipino wanaofanya kazi nje, zinarudishwa kwa wanachama wa muda mrefu, kwamba kuna mtu anayezifuatilia, na kwamba mume wangu atie saini hati ya uwakili ili yeye dada azichukue kwa niaba yake. Hati yenyewe ilikuwa imeambatishwa. Nimeisoma yote. Inampa dada ruhusa ya kudai, kupokea na kutia saini jambo lolote la OWWA, Pag-IBIG (akiba yao ya nyumba), SSS (pensheni yao) na benki. Haina mwisho. Jina langu halimo, la watoto halimo.

Nilipomuuliza, mume wangu alicheka akasema hiyo ni kawaida yao, dada ndiye aliyeshughulikia mambo yake miaka yote. Nikamuuliza ni pesa ngapi. Akasema kwenye kundi la WhatsApp la Wafilipino wa Muscat watu wanasema peso 150,000, na kuna mtu pale Ruwi anadai rial 20 tu ili akuandikie maombi. Nilipopiga hesabu kwa shilingi zetu nikaona ndiyo kodi ya karakana ya miaka miwili na vifaa juu yake. Sasa pesa hizo ziende Cebu kwa nini?

Shangazi, mimi si mchoyo. Nyumba ya mama yao mume wangu ndiye aliyeijenga, wala sijawahi kulalamika. Shemeji yangu wa mwisho, ambaye sasa ni injinia, alisomeshwa chuo na hao hao OWWA wakati mume wangu yuko Saudia bado hajaoa, kwa hiyo najua OWWA ni watu wa kweli, si matapeli. Lakini kila kitu cha mume wangu kimeshikwa na wifi. Nikimuuliza Pag-IBIG amelipa tangu lini, hakumbuki. SSS anasema alilipa miaka minane hivi, kisha akaacha. Karatasi zote ziko kwa dada.

Maswali yangu ni haya. Hizo pesa zipo kweli? Nimzuie asitie saini? Na mimi niliyefanya kazi Muscat miaka minne, mbona sina wa kunirudishia hata shilingi?

Mke wa Mfilipino, Mombasa

*

Marahaba mwanangu.

Simu ya mumeo umeishika, umekiri, yamepita. Usirudie, maana ukimwendea na jambo hili huku akijua umepekua, mtagombania simu na pesa zitasahauliwa.

Swali la kwanza ni jepesi: ndiyo, marejesho yapo, na yapo kisheria. OWWA ni shirika la serikali ya Ufilipino linalosimamia mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wake walio nje. Mfuko huo ulianza mwaka 1977. Kila mfanyakazi anayetoka kwa mkataba hulipiwa dola 25 za Marekani, na uanachama wake hudumu hadi miaka miwili au mkataba unapokwisha. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria mpya, namba 10801, na humo wabunge wao waliagiza OWWA ibuni mpango wa kuwarudishia kitu wanachama wa muda mrefu. Ni wafanyakazi waliokuwa wamechangia mwaka baada ya mwaka bila kuomba chochote, nao waliuliza kwa haki kabisa: pesa zetu zinafanya nini?

Sasa shika kalamu. Mumeo ametoka kwao 2003. Tuseme hakukosa malipo hata mara moja, dola 25 kila baada ya miaka miwili. Tangu 2003 hadi leo hizo ni kama mara kumi na moja, jumla dola 275. Kwa shilingi zetu ni elfu thelathini na tano hivi. Hicho ndicho kiasi chote kilichowahi kuingia OWWA kwa jina lake. Peso moja ni zaidi kidogo ya shilingi mbili za Kenya, kwa hiyo hizo peso 150,000 za WhatsApp ni zaidi ya laki tatu. Mfuko gani duniani utakurudishia karibu mara kumi ya ulichoweka, na bado ubaki na pesa za kuzika maiti na kusomesha yatima? Aliyetunga hesabu hiyo amechanganya mifuko, au anatafuta watu wa kumpa rial ishirini ishirini. Mwambie mumeo yule bwana wa Ruwi asimpe hata baisa. Mwenye haki na marejesho haya huyadai mwenyewe, hahitaji mtu wa kati. Na maombi hayo yanataka namba ya pasipoti na ya akaunti, vitu ambavyo hukabidhi kwa mtu usiyemjua kwa sababu tu mnakula ugali au wali pamoja Ijumaa.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo, nawe umeniandikia bila kujua kwamba umeniandikia. Ni yule shemeji injinia.

Sheria inayoleta marejesho ina masharti mawili. La kwanza, uwe mwanachama kwa angalau miaka kumi. Mumeo analo. La pili, wewe pamoja na familia yako msiwe mmewahi kunufaika na huduma au msaada wowote wa OWWA. Angalia maneno: pamoja na familia yako. OWWA wana ufadhili wa masomo ya chuo unaoitwa EDSP, unaotoa hadi peso 60,000 kwa mwaka wa masomo kwa kozi za miaka minne au mitano. Mfanyakazi aliyeoa humwombea mwanawe. Ambaye hajaoa, kama alivyokuwa mumeo siku zile za Jubail, humwombea ndugu yake. Shemeji alifaulu mtihani wa kuchujwa, akasoma uhandisi kwa uanachama wa kaka yake. Kama alisomeshwa miaka mitano kamili, familia ile imeshapokea hadi peso 300,000 kutoka kwenye mfuko ambao mumeo aliuchangia dola 275. Kwa maneno ya sheria yenyewe, marejesho hayamhusu tena.

Sijui wifi yako analikumbuka hilo au la. Mimi nadhani halikumbuki. Watu wengi hudhani ufadhili ni zawadi ya serikali, hawaunganishi na zile dola 25 zinazolipwa kabla ya safari. Ndiyo maana nakuomba uache kumtazama kama mwizi. Anakimbizana na pesa ambazo huenda hazipo, akiamini anamsaidia kaka yake. Hati aliyoituma ni mbaya, tutaifikia, lakini hati mbaya haiandikwi na watu wabaya peke yao. Nyingi hunakiliwa tu kutoka kwenye ofisi za mawakili wa mtaani, maneno yote yakiwekwa ili mteja asirudi mara ya pili.

Basi karakana yenu itajengwa na nini? Hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri, kwa sababu mmekuwa mkitazama kwenye tundu dogo.

Pesa kubwa kuliko zote ziko Muscat, kwa mwajiri. Oman humlipa mfanyakazi mgeni kiinua mgongo akimaliza kazi. Kanuni ya zamani ilikuwa nusu mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitatu ya kwanza, na mshahara mzima wa msingi kwa kila mwaka unaofuata. Sheria mpya ya kazi ya mwaka 2023 imeuboresha: mshahara mzima wa msingi kwa kila mwaka. Hukuniandikia mshahara wake, kwa hiyo nitachukua rial 250 za msingi kwa mfano, wewe weka ya kwake. Nitahesabu kwa kanuni ile mbovu ya zamani kwa miaka yote tisa, ili nisikupe matumaini ya bure. Miaka mitatu ya kwanza ni mshahara mmoja na nusu. Miaka sita iliyobaki ni mishahara sita. Jumla saba na nusu, yaani rial 1,875. Hizo ni dola karibu 4,900, zaidi ya laki sita za Kenya. Zikihesabiwa kwa sheria mpya zinaongezeka. Umeona? Mmekaa mnagombea elfu thelathini ambazo huenda hazipo, na laki sita zimelala mezani kwa meneja.

Na pesa hizo zina hatari yake. Siku za mwisho mwajiri huleta karatasi ya kuthibitisha kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote na hadai chochote. Imeandikwa Kiarabu, tiketi iko mkononi, moyo uko Mombasa, mtu anasaini. Mumeo asitie saini karatasi hiyo kabla pesa hazijaonekana kwenye akaunti yake, na asikubali kiinua mgongo kihesabiwe kwa mkataba wa miaka miwili ya mwisho tu ikiwa amefanya kazi mfululizo miaka tisa. Akizungushwa, Wizara ya Kazi ya Oman hupokea malalamiko, na kwenye ubalozi wa Ufilipino pale Muscat kuna ofisi yao ya wafanyakazi wahamiaji, wenyewe huiita MWO. Hiyo ndiyo kazi yao. Akishatoka Oman na visa imefutwa, kudai kutoka Kisauni ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo katika miezi hii miwili akili yake iwe hapo kwanza.

Sasa Pag-IBIG. Huu ni mfuko wa akiba na mikopo ya nyumba, na pesa za humo, tofauti na za OWWA, ni zake mwenyewe. Anachoweka ni akiba yake, kila mwaka huongezwa gawio, na siku moja hurudishiwa yote. Nadhani hiki ndicho kilichowachanganya watu wa kundi la WhatsApp. Lakini siku hiyo moja ina masharti. Uanachama huiva kwa michango 240 ya mwezi, na watu huitafsiri kuwa miaka ishirini. Si miaka ishirini ya kalenda. Ni michango 240 iliyolipwa, na kila mwezi ulioruka hauhesabiwi. Wafanyakazi wa nje walifanywa wanachama wa lazima kwa sheria namba 9679 ya mwaka 2009. Kwa hiyo kama mumeo aliingia kwa lazima kama wengi, hata angelipa kila mwezi tangu hapo bado hajafika 240. Kama aliingia kwa hiari tangu 2003, pengine amefika.

Asipokuwa amefika, milango mingine ipo. Kustaafu kwa hiari ni miaka 60, na yeye ana 52. Mlango mwingine unawahusu ninyi hasa: kuondoka Ufilipino moja kwa moja. Mwanachama anayehamia nchi nyingine kabisa anaweza kudai akiba yake yote, akitoa kiapo na uthibitisho wa ukaazi wake huko. Sheria yetu ya uhamiaji ya mwaka 2011 inamruhusu mume wa Mkenya kuomba ukaazi wa kudumu baada ya ndoa ya miaka mitatu, nanyi mmevuka hapo zamani. Lakini mwanangu, huo ni uamuzi wake, usimsukume. Kiapo cha kusema sirudi kwetu kuishi si karatasi ya kumtilia mtu saini mezani huku ukimhesabia kodi ya karakana. Mama yake yuko hai. Na akiba ikibaki kule inaendelea kupata gawio, haiozi. Mimi ningemwacha aione Kenya kwanza mwaka mmoja au miwili.

Mpate jambo moja mapema: akaunti ya Pag-IBIG siku hizi hutazamwa mtandaoni na mwanachama mwenyewe. Afungue, aone michango mingapi, na aone kama kuna mkopo. Nasema mkopo kwa sababu mwanachama anaweza kukopa sehemu kubwa ya akiba yake, na deni lisilolipwa hukatwa siku ya kudai. Kama dada alishughulikia mambo yote na nyumba ya mama ilijengwa, mkopo unaweza kuwemo, tena kwa idhini ya mumeo mwenyewe aliyeshasahau. Bora alione yeye kwa macho yake kuliko wewe umuulize wifi.

SSS ndiyo inayoniuma. Miaka minane ni miezi 96. Pensheni ya uzeeni ya SSS inahitaji michango 120 ya mwezi. Amebakiza miezi 24, kisha akaacha! Mtu akifika umri wa kustaafu bila kutimiza 120 hupewa pesa zake mara moja zikaisha. Akitimiza, hupokea kila mwezi hadi anakufa, na mke wa halali hurithi. Mapengo ya miaka iliyopita hayazibiki, SSS haipokei malipo ya kurudi nyuma namna hiyo. Ila mbele kuko wazi. Akirudi Mombasa bila mwajiri bado anaweza kuendelea kama mwanachama wa hiari. Tangu Januari 2025 kiwango ni asilimia 15 ya kipato anachotangaza, na anaweza kutangaza kidogo. Miezi 24 ya kujikaza kabla ya kufika 60, ana nafasi ya kutosha. Kama mtafanya jambo moja tu katika yote niliyoandika kuhusu Ufilipino, fanyeni hili.

Turudi kwenye hati. Umeniuliza umzuie. Usimzuie, mwombe aiandike upya. Hati isiyo na mwisho, inayogusa mifuko mitatu na benki, hata mimi nisingempa dada yangu wa tumbo moja, na nampenda. Hati ya uwakili inayofaa hutaja ofisi moja na kazi moja: kwa mfano, kuchukua nakala ya kumbukumbu za michango Pag-IBIG tawi la Cebu. Huweka tarehe ya kuisha. Haimruhusu wakala kupokea pesa wala kubadilisha akaunti; pesa zozote ziingie kwenye akaunti ya jina la mwanachama. Dada akiuliza kwa nini, mumeo aseme yeye mwenyewe, kwa lugha yao, kwamba anapanga mambo kwa sababu anahama. Neno hilo likitoka kwako litakuwa neno la mke mgeni anayemtenga kaka na nduguze, hata kama kila herufi ni kweli.

Na hapa nikuulize mimi swali. Ndoa yenu ya 2018 iliripotiwa ubalozi wa Ufilipino? Mfilipino akioa nje hutakiwa kuripoti ndoa kwa ubalozi wake ili iandikwe katika sajili ya kwao. Nahisi hamkuripoti, kwa sababu umesema mambo yake yote yako kwa dada. Kama ndivyo, kwenye sajili ya kule mumeo bado ni mseja. Fomu zake za SSS na Pag-IBIG alizijaza kijana wa Jubail asiye na mke, akaandika mama na dada, na hakukosea. Wifi hajakufuta. Hukuwahi kuandikwa.

Ona uzito wake. Mumeo akifariki leo uanachama wa OWWA ukiwa hai, Mungu apishe mbali, wanufaika wake hulipwa peso 100,000, au 200,000 ikiwa ni ajali, na 20,000 za mazishi. SSS kwa sheria huwatanguliza mke na watoto wadogo kuliko ndugu, hata fomu ikisemaje. Lakini mke gani, ikiwa sajili inasema hana? Utakuwa Kisauni na cheti cha Kenya mkononi ukijaribu kuthibitisha kwa simu kwamba wewe ni wewe.

Ubalozi wa Ufilipino unaohusika na ndoa iliyofungwa Kenya uko Nairobi. Kuchelewa kunarekebishika: mtaandika pia hati ya kiapo kueleza sababu ya kuchelewa. Nendeni na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vyenu na pasipoti zenu, na mpige simu kwanza mjue wanataka nakala ngapi, kwa sababu balozi zina tabia ya kukurudisha kwa nakala moja. Chukueni na vyeti vya watoto safari hiyo hiyo. Katiba yao ya 1987 inasema mtoto wa baba Mfilipino ni Mfilipino, nayo Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili. Kuzaliwa kwao kuripotiwe pia. Na hati ile mpya ya uwakili, kama hataiandika akiwa Muscat, ataisaini hapo hapo Nairobi mbele ya ofisa wa ubalozi. Hati iliyosainiwa kwa wakili wa Mombasa tu haitamfaa kitu Cebu. Treni ya asubuhi, siku mbili mjini, mmemaliza mambo matatu. Baada ya hapo ndipo abadilishe taarifa zake SSS na Pag-IBIG, akuandike wewe na wanawe. Mama yake abaki kwenye orodha kama mwenyewe anataka. Usilipiganie hilo.

Namna ya kumweleza: mpigie akiwa ametoka kazini, si usiku wa manane. Anza na kiinua mgongo, maana hapo mko upande mmoja na hakuna wifi. Akishaona hesabu ya rial zake, muulize kwa upole kama anakumbuka nani alilipa ada ya mdogo wake chuoni. Mwache afike mwenyewe. Atakapompigia dada yake kumwambia marejesho hayapo, ataongea kama mtu aliyegundua, si kama mtu aliyetumwa.

Swali lako la mwisho nimelisoma mara mbili. Miaka minne Muscat na hakuna wa kukurudishia shilingi. Ni kweli, na ni kwa sababu hukukatwa. Marejesho hutoka kwenye michango, na wewe ulipoondoka hakuna aliyekukata dola 25. Lakini kiinua mgongo je? Sheria ile ya Oman haikumhusu fundi wa viyoyozi peke yake, na saluni ni mahali pa kazi kama kampuni. Uliondoka na mimba, kwa haraka, nadhani bila kuuliza. Kama unayo mkataba wako na risiti za mshahara, mpe mumeo nakala azipeleke Wizara ya Kazi wakati bado yuko Muscat, aulize kama muda wa kudai umepita. Sikuahidi kitu. Ila kuuliza akiwa pale ni bure. Na karakana ikifunguliwa, jiandikishe NSSF yetu kama mchangiaji wa hiari, wewe na yeye mkiweza, ili miaka hii isipite kama ile ya Muscat.

Niandikie akishatua Moi, unijulishe mwajiri amelipa mishahara mingapi.

Shangazi